Kutoa Taarifa ya Mabadiliko ya Gari kwa Kampuni ya Bima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa kumfikiria zaidi mwenye gari binafsi Tanzania Bara, hasa Dar es Salaam, ambako magari mengi yanayoshushwa bandarini huwa yameguswa na fundi kabla hayajatimiza mwaka. Pale ambapo Kenya au Uingereza ina utaratibu wake, imeelezwa hivyo. Mkataba wako mwenyewe ndio wenye neno la mwisho, kwa hiyo ni vyema uwe nao karibu unaposoma.

Gari ni langu na fedha ni zangu. Kwa nini kampuni ya bima ijue nilichokifanya?

Kwa sababu kampuni haikukubali bima ya gari lolote tu, bali ya gari fulani lililoelezwa kwenye fomu ya maombi: aina yake, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi, namba na ujazo wa injini, idadi ya viti, matumizi na thamani. Maelezo hayo uliyatoa wewe, na kampuni ikayaamini. Sheria ya bima ya Tanzania na ya Kenya, ambayo mizizi yake iko Uingereza, inazitaka pande zote mbili ziwe na uaminifu wa hali ya juu, na kanuni hiyo hunasibishwa na hukumu ya Lord Mansfield ya mwaka 1766 katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu bima ya ngome moja kisiwani Sumatra. Aliyekata bima alijua hali ya ngome, na mwenye kuikubali bima alikuwa mbali, London. Katika kesi ile aliyeshinda ni huyo aliyekata bima, jambo ambalo husahaulika, lakini kanuni iliyobaki ni kwamba mwenye kujua ndiye anayepaswa kusema.

Kinachopaswa kusemwa ni kila jambo ambalo lingeweza kumfanya mkadiriaji makini wa kampuni apandishe ada, aongeze sharti au aikatae bima. Ugumu wa wenye magari wengi uko hapa: wanapima wenyewe. Fundi amesema kazi iko imara, gari linatembea vizuri, basi hakuna haja ya kumsumbua mtu. Huenda kazi ni imara kweli. Lakini anayepima uzito wa badiliko kwa ajili ya bima si fundi wala si wewe, na ukimya wako humnyima anayehusika nafasi ya kupima.

Nina bima ndogo tu. Linanihusu?

Linakuhusu, ila kwa namna nyingine. Bima ndogo, ambayo ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hulinda watu wengine utakaowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako halimo. Kwa hiyo hutapoteza fidia ya rimu au ya injini, kwa kuwa hukuwa nayo tangu mwanzo. Hatari yako iko kwingine. Mikataba mingi ya bima ya magari katika Afrika Mashariki ina kifungu kinachosema kwamba, pale sheria inapoilazimisha kampuni kumlipa majeruhi ingawa wewe ulivunja masharti, kampuni italipa kisha itakudai wewe. Majeruhi amelindwa, na hivyo ndivyo inavyopasa, lakini deni limehamia kwako. Nchini Kenya, Sura ya 405 inaipa kampuni pia nafasi ya kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi.

Mwenye bima kubwa, ile inayolinda pia gari lake mwenyewe, anabeba hatari zote mbili: hiyo ya kudaiwa, na ile ya kulala bila gari.

Ni mabadiliko gani hasa ninayopaswa kuyataja?

Njia nyepesi ya kufikiri ni kujiuliza kama gari, baada ya kutoka gereji, linakimbia, linasimama, linabeba, linavutia wezi au linagharimu kutengenezwa tofauti na lilivyokuwa. Ikiwa jibu ni ndiyo kwa mojawapo, taja. Injini nyingine, turbo, ekzosi iliyotobolewa au kubadilishwa, programu ya injini iliyochezewa ili kuongeza nguvu, breki, matairi mapana kuliko ya kiwandani, bampa la chuma, keria ya juu, ndoano ya kuvutia tela, viti vilivyoongezwa au kuondolewa, usukani uliohamishwa, rangi mpya: yote hayo ni ya kutajwa.

Spesa zinastahili kusemwa peke yake, kwa sababu karibu hakuna anayezihesabu kuwa ni badiliko. Barabara za mitaa yetu zinajulikana, na mwenye gari la chini akishachoka kusikia mawe yakikwangua tumbo la gari lake humwendea fundi, ambaye kwa nusu siku huweka spesa juu ya springi na gari likanyanyuka sentimeta 4 au 5. Mwenye gari anaona ameliokoa gari. Mkaguzi anaona mambo mengine: uzito umepanda juu zaidi, kwa hiyo gari linalala zaidi kwenye kona, mipira ya breki imevutika, pembe za magurudumu zimebadilika na tairi zinaliwa upande mmoja, taa za mbele zinamulika machoni mwa wanaokuja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalolifanya gari kuwa haramu kulikatia bima, na kampuni nyingi zitalikubali bila shida, lakini ni mambo yanayoonekana waziwazi siku gari likiwa limelala ubavu na magurudumu yako juu.

Matengenezo ya kawaida hayahitaji taarifa. Kufunga shokapu mpya za aina ileile, betri, tairi za kipimo kilekile au kioo kilichopasuka ni kulirudisha gari katika hali yake. Vimulimuli na ving'ora ni jambo la polisi kabla halijawa la bima, na anayevifunga kwenye gari binafsi asitarajie kampuni imtetee.

Nimefunga mfumo wa gesi asilia. Je, nitoe taarifa?

Ndiyo, na ningependa swali hili liulizwe mara nyingi zaidi, kwa sababu ndilo badiliko linaloenea kwa kasi Dar es Salaam na ndilo linalonyamaziwa zaidi. Sababu za kulifanya zinaeleweka: gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni nafuu kuliko petroli, na dereva anayetembea kutwa nzima huirudisha gharama ya ufungaji mapema.

Kwa upande wa bima, kilichobadilika ni vitu vitatu. Kwanza, chanzo cha nishati kilichoandikwa kwenye fomu si hicho tena, kwani sasa gari linatumia petroli na gesi. Pili, buti limebeba mtungi ambao gesi yake imeshindiliwa kwa mgandamizo unaofikia takriban bar 200, mbali kabisa na mtungi wa jikoni, na mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito unaokaribia wa mtu mzima aliyelala nyuma ya kiti muda wote. Tatu, thamani ya gari imeongezeka kwa bei ya mfumo wenyewe, ambayo si ndogo.

Nimewahi kusimama katika yadi ya gereji moja pembeni ya Toyota IST iliyogongwa nyuma. Mtathmini alifungua buti kwa kulinyanyua na bega, akavuta zulia, akakuta mtungi. Akaupangusa vumbi kwa kidole gumba mpaka zikaonekana namba zilizogongwa kwenye shingo yake, akazisoma polepole, kisha akageuka: “Kaka, hii imefungwa lini?” Mwenye gari akasema mwezi wa pili. Mtathmini akafunua jalada lake. Bima ilianza mwezi wa kumi na moja, na kwenye mstari wa mafuta paliandikwa petroli. Hakusema neno jingine. Akapiga picha nne na kulifunga buti. Dai lile hatimaye lililipwa, baada ya wiki kadhaa za barua za kwenda na kurudi, na mfumo wa gesi haukulipiwa hata senti. Cheti cha ufungaji kilikuwepo muda wote, kwenye dashibodi.

Cheti hicho ndicho cha kupeleka. Peleka nakala yake ikiwa na jina la karakana iliyofunga, tarehe, namba ya mtungi, tarehe ya kupimwa kwake na kiwango ulichotengenezwa kwacho (kwa mitungi ya magari, kiwango cha kimataifa kinachotajwa mara nyingi ni ISO 11439), pamoja na picha za buti na risiti. Ikiwa ulifungiwa na fundi wa uchochoroni asiye na cheti, usianze na kampuni ya bima. Anza kwa kulipeleka gari kwenye karakana inayotambuliwa, kama ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, likaguliwe. Kampuni haiwezi kuukubali mtungi usiojulikana ulikotoka, na kusema kweli hata wewe usingepaswa kuukubali.

Nimebadilisha injini kwa nyingine ya aina ileile. Bado nitoe taarifa?

Ndiyo, kwa sababu namba ya injini imebadilika hata kama ujazo haukubadilika. Namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na kwenye mkataba wa bima, na siku ya dai ndiyo ya kwanza kulinganishwa. Anza na TRA ili kadi irekebishwe, kisha peleka nakala ya kadi mpya kwa kampuni. Ukiweka injini kubwa zaidi, kwa mfano IST iliyokuja na injini ya 2NZ ya sisi 1,298 ikafungwa 1NZ ya sisi 1,496, unapaswa kutaja ujazo pia. Hifadhi risiti ya mahali uliponunua injini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la wizi, na hapo mazungumzo yako hayatakuwa na kampuni ya bima tena.

Rimu, skrini na spika nilizoongeza zitalipwa zikiibwa?

Zitalipwa ikiwa zimetajwa na thamani yake imejumuishwa, vinginevyo usitegemee. Bima kubwa hulinda gari pamoja na vifaa vilivyokuja nalo kutoka kiwandani. Kilichoongezwa baadaye huhesabiwa kuwa kifaa cha ziada. Nchini Kenya, ambako gari hupelekwa kwa mthamini mwanzoni mwa bima na ripoti yake hutaja rimu na redio, mikataba mingi huweka kikomo kwa redio, mara nyingi shilingi 30,000 au 50,000 za Kenya, mpaka mwenye gari alipie zaidi.

Tuchukue hesabu ya Tanzania. Gari binafsi limekatiwa bima kubwa kwa thamani ya shilingi 14,000,000, na kiwango kinachotumika kwa kawaida ni asilimia 3.5, ada yake, kabla ya kodi, ni 490,000. Umeongeza rimu na skrini za shilingi 2,000,000, na thamani sasa ni 16,000,000, kwa hiyo ada ya mwaka inakuwa 560,000. Tofauti ni 70,000, na ikiwa imebaki nusu mwaka ni 35,000. Watu huacha vifaa vya milioni mbili bila ulinzi kwa ajili ya fedha ambayo kwenye mafuta ingeisha ndani ya siku chache.

Ukifunga vifaa vya bei ukaiacha thamani ya zamani, gari lote litakuwa limekatiwa bima pungufu. Soma kama mkataba wako una kifungu cha kugawana hasara. Ukiwa nacho, na gari la milioni 20 limeandikwa milioni 15, hasara ya milioni 4 hulipwa robo tatu tu, yaani milioni 3.

Gari nililinunua likiwa tayari limebadilishwa. Mimi sikufanya chochote.

Kampuni haiulizi nani aliyefanya. Inauliza gari likoje. Magari yaliyotumika kutoka Japani huja wakati mwingine na springi fupi, usukani wa mashindano au ekzosi isiyo ya kiwandani, na aliyenunua kwa mtu hapa nchini anaweza kurithi siri za wamiliki wawili. Taja unachokijua na unachoweza kukiona. Kabla ya kujaza fomu, mlipe fundi unayemwamini alitazame gari kwa chini na ndani ya boneti, kisha mwombe aandike alichokikuta. Karatasi hiyo itaonyesha kwamba hukuficha.

Sikubadilisha kitu kwenye gari, ila nimeanza kubeba abiria kwa programu ya simu.

Hilo ni badiliko kubwa kuliko rimu zote. Gari la matumizi binafsi linapobeba abiria kwa malipo limetoka katika kundi lililokadiriwa, na mikataba ya magari binafsi hukataa wazi matumizi ya kukodisha. Katika madai, hili ni kosa rahisi sana kulithibitisha, kwa sababu safari imeandikwa kwenye simu ya dereva na ya abiria. Hamisha bima iwe ya biashara, na ushughulikie usajili wa gari na leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa pamoja, kwani sahani za njano zikiwa na abiria wa kulipa zitakuletea maswali kabla hata ya ajali. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeongeza viti kwenye Noah au kugeuza gari la familia kuwa la mizigo.

Nitoe taarifa lini, na kwa njia gani?

Kabla ya kazi kufanyika, kila inapowezekana. Ukiuliza mapema, kampuni inaweza kukuambia karakana inayoikubali au sharti inalolitaka, na unaweza kuachana na mpango bila hasara. Ukiuliza baadaye, umeshalipa. Kama kazi imeshafanyika, toa taarifa leo, usingoje kuhuisha bima. Na wakati wa kuhuisha taja tena kila kitu, kwa kuwa kila mwaka unaingia mkataba mpya.

Andika. Barua pepe inatosha, ikiwa na namba ya bima, namba ya gari, kilichobadilishwa, tarehe, aliyefanya, gharama na picha. Usiseme “nimefanyia gari marekebisho madogo”. Sema “nimefunga rimu za inchi 16 badala ya 14”. Kisha omba jibu la maandishi na, kama ada au masharti yamebadilika, omba kiambatisho cha mkataba. Stika ya kielektroniki inayosomeka kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, inathibitisha kwamba bima ipo. Haithibitishi kwamba mtungi wako wa gesi unajulikana.

Nilimwambia wakala wangu kwa simu. Haitoshi?

Inategemea uliyezungumza naye, na kama atakumbuka. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni, hivyo kumwambia yeye kunaweza kuhesabiwa kuwa umeiambia kampuni. Dalali wa bima anafanya kazi kwa niaba yako, na asipoifikisha taarifa, kampuni itasema haikuipata. Wenye magari wengi hawajui wao wana nani kati ya hao wawili. Baada ya simu, mtumie ujumbe: “Kama tulivyozungumza leo asubuhi, nimefunga…” Akijibu hata kwa neno “sawa”, una kitu cha kuonyesha.

Ada itapanda kila mara?

Hapana. Mabadiliko mengine hupokelewa bila nyongeza, mengine huongezewa kiasi unachochangia mwenyewe kwenye hasara badala ya ada, na machache hukataliwa. Yapo pia yanayokusaidia. Kifaa cha kulifuatilia gari kwa setilaiti, kwa mfano, hudaiwa na kampuni nyingi kwa magari ya thamani kubwa, na kukifunga kabla ya kuambiwa kunakupa hoja ya kujadili ada. Kuchora namba ya gari kwenye vioo na saiti mira, kazi inayofanywa kando ya barabara kwa bei ndogo, hakupunguzi ada, lakini kunawapunguzia wezi soko, nami ningekushauri ukifanye.

Gari limekopewa benki. Nani wa kuambiwa?

Wote wawili. Benki imeandikwa kwenye bima kama mwenye maslahi, na mkataba wa mkopo mara nyingi unakukataza kulibadilisha gari bila ridhaa yake.

Nimepata ajali na sikuwa nimetoa taarifa. Nifanye nini sasa?

Sema ukweli kwenye fomu ya madai. Usivue rimu usiku wala usimwombe fundi arudishe springi za zamani; mtathmini anazijua alama za nati zilizofunguliwa jana, na kilichokuwa kosa la kusahau kitageuka kuwa udanganyifu. Eleza badiliko lilifanyika lini, na kama halina uhusiano na ajali, lieleze hilo kwa ushahidi: gari lililosimama kwenye foleni likagongwa nyuma halikugongwa kwa sababu ya skrini ya dashibodi. Kisheria, kampuni inaweza kudai kwamba kuficha jambo la msingi kunatosha kuuvunja mkataba hata bila uhusiano huo, lakini katika majadiliano hoja hiyo ina uzito wake.

Niko Uingereza. Kanuni ni zilezile?

Kwa mtu binafsi, zimelainishwa. Tangu Aprili 2013, ilipoanza kutumika sheria iliyopitishwa mwaka 2012, mwenye bima hatakiwi tena kubuni kila kinachoweza kuwa cha msingi. Anatakiwa kuyajibu maswali ya kampuni kwa uangalifu. Lakini kampuni za huko huuliza waziwazi kuhusu mabadiliko ya gari, kwa hiyo nafuu hiyo si pana. Ukikosea kwa uzembe, malipo hupunguzwa kwa uwiano: uliyelipa pauni 600 ilhali ungelipishwa 800 unapata asilimia 75 ya dai. Ukidanganya kwa makusudi, mkataba hufutwa na ada yako hairudi.

Kampuni imekataa kulipa kwa sababu ya badiliko. Nianzie wapi?

Dai sababu kwa maandishi, ikitaja kifungu cha mkataba. Kisha ilalamikie kampuni yenyewe kwa barua, na usiporidhika nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili watu wasilazimike kuanzia mahakamani. Kwa aliyeko Uingereza, ofisi inayolingana na hiyo ni Financial Ombudsman Service, ambayo hufikiwa ndani ya miezi 6 tangu jibu la mwisho la kampuni. Peleka fomu ya maombi uliyojaza mwanzo, kwa sababu mara nyingi mgogoro huamuliwa na kile fomu iliuliza na kile ulichokijibu. Wenye magari wengi hawana nakala ya fomu hiyo. Ilijazwa na wakala, wao wakasaini. Iombe leo, wakati hakuna ajali na hakuna anayekununia, uone gari lililoelezwa humo kama ndilo lililoegeshwa nje.